HIFADHI SI MSAMAHA: NIGERIA ILIVYOMKABIDHI CHARLES TAYLOR

Mtu anayetuhumiwa kumwaga damu akikimbilia kwako, nawe ukampokea ili mapigano yasimame, utafanya nini siku wenye haki watakapokuja kumdai? Ukimtoa, utaambiwa umevunja ahadi. Ukikataa, utaambiwa umeshirikiana naye. Swali hili si geni kwa wajumbe wa kamati za sharika, ambao mara kwa mara huitwa kusuluhisha ugomvi wa mashamba, wa mifugo au wa koo. Mwaka 2006 swali hilo hilo liliikabili serikali ya Nigeria, na jibu lake lilimfikisha mahakamani Charles Taylor, aliyekuwa Rais wa Liberia.

Katika makala haya tunaeleza jinsi jambo hilo lilivyokwenda, hatua kwa hatua, na kile ambacho sisi katika kazi ya haki na amani tunaweza kujifunza. Ikumbukwe kwamba suala hili lina pande nyingi, na hadi leo wako watu wema wanaotofautiana juu yake.

Vita viwili katika nchi mbili

Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1989, wapiganaji wa Charles Taylor waliingia Liberia kutokea Ivory Coast kwa lengo la kuipindua serikali ya Samuel Doe, ambaye naye alikuwa ametwaa madaraka kwa mapinduzi mwaka 1980. Vita hivyo vilienea haraka, na pande zote zikaua raia. Sisi Walutheri tunayo sababu ya pekee ya kuvikumbuka. Tarehe 29 Julai 1990, wanajeshi wa serikali ya Doe waliingia katika Kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro mjini Monrovia, ambamo raia walikuwa wamejihifadhi, wakaua watu wapatao 600. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wa Taylor. Tunalitaja tukio hili ili msomaji aelewe kwamba Waliberia walikuwa na madai ya haki dhidi ya pande zote, si dhidi ya mtu mmoja tu.

Mwezi Machi 1991 vita vilianza pia katika nchi jirani ya Sierra Leone, kupitia kundi la waasi lililojulikana kama RUF. Kundi hilo lilipata sifa mbaya duniani kote kwa kukata watu mikono, kuteka wasichana na kuwabebesha watoto silaha. Sierra Leone ina almasi, na baadaye mahakama ilithibitisha kwamba almasi hizo zilipelekwa kwa Taylor, na silaha zikarudi kwa waasi.

Nchi za Afrika Magharibi, Nigeria ikiwa mbele, zilituma jeshi la kulinda amani Liberia. Mwaka 1994 Tanzania na Uganda nazo zilipeleka askari kuliongezea nguvu jeshi hilo. Mwaka 1997 Taylor alishinda uchaguzi na kuwa Rais. Hata hivyo, miaka miwili baadaye vita vilianza upya, safari hii dhidi yake yeye mwenyewe. Inakadiriwa kuwa vita vya Liberia kwa jumla viliua watu wapatao 250,000, na vya Sierra Leone watu wapatao 50,000.

Kwa nini Nigeria ilimpokea

Vita vya Sierra Leone vilipomalizika mwaka 2002, serikali ya nchi hiyo na Umoja wa Mataifa walikubaliana kuunda Mahakama Maalumu mjini Freetown ili kuwashtaki waliobeba dhamana kubwa zaidi ya uhalifu uliotendeka. Mwezi Machi 2003 mahakama hiyo ilimfungulia Taylor mashtaka kwa siri, naye akiwa bado Rais. Mashtaka hayo yalitangazwa tarehe 4 Juni 2003, siku ambayo Taylor alikuwa Accra, Ghana, kwa ajili ya mazungumzo ya amani. Serikali ya Ghana ilikuwa mwenyeji wa mazungumzo hayo, na haikumkamata. Taylor alirudi nyumbani.

Wiki zilizofuata zilikuwa za mateso makubwa kwa wakazi wa Monrovia. Waasi waliuzingira mji, mabomu yakaanguka katika makazi ya watu, chakula na maji vikawa haba. Kila mtu alijua kwamba Taylor asipoondoka, mji ungeangamia. Yeye naye hakuwa tayari kuondoka kwenda gerezani. Hapo ndipo Rais Olusegun Obasanjo wa Nigeria alipompa hifadhi. Tarehe 11 Agosti 2003 Taylor alijiuzulu mbele ya viongozi wa Afrika, akapanda ndege kwenda Nigeria, na kupewa makazi katika mji wa Calabar, kusini-mashariki mwa nchi hiyo. Siku saba baadaye mkataba wa amani ulitiwa sahihi Accra.

Kwa hiyo hifadhi ile haikutolewa kwa sababu Nigeria ilimwona Taylor hana hatia. Ilitolewa ili silaha zinyamaze, kwa kushauriana na viongozi wengine wa Afrika na kwa kuungwa mkono na mataifa makubwa. Iliambatana pia na sharti: Taylor asiendelee kujiingiza katika siasa za Liberia.

Jibu la Nigeria katika miaka miwili ya mwanzo

Mara baada ya hapo madai yalianza. Mahakama ya Freetown ilitaka akabidhiwe. Mwezi Desemba 2003 polisi wa kimataifa, Interpol, walitoa hati ya kumtafuta. Bunge la Marekani liliidhinisha zawadi ya dola milioni 2, na Nigeria ikaonya kwamba haitavumilia mtu yeyote kuja kumteka mgeni wake. Ndani ya Nigeria kwenyewe, mwaka 2004, Wanigeria wawili ambao walikatwa viungo na waasi walipokuwa Sierra Leone walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Shirikisho mjini Abuja, wakipinga hifadhi aliyopewa Taylor.

Kwa madai yote hayo serikali ya Nigeria ilitoa jibu moja, nalo halikubadilika: Taylor hatatolewa kwa shinikizo la nje, lakini serikali ya Liberia iliyochaguliwa na wananchi ikimwomba, Nigeria italifikiria ombi hilo.

Ili tuelewe nguvu na udhaifu wa jibu hili, ni vema tutofautishe aina mbili za mahakama. Mahakama ya Arusha, iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa mamlaka ambayo yanazifunga nchi zote wanachama. Ndiyo maana Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji hayo, alipokamatwa Nairobi mwezi Julai 1997, Kenya ilimpeleka Arusha, ambako mwaka 1998 alikiri makosa na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Mahakama ya Freetown haikuwa hivyo. Ilitokana na makubaliano kati ya Umoja wa Mataifa na Sierra Leone, na makubaliano hayo peke yake hayakuilazimisha nchi ya tatu kama Nigeria kumtoa mtu. Nigeria ilikuwa na nafasi ya kisheria ya kusubiri, nayo ikaitumia.

Wapo waliosema kwamba huko kulikuwa ni kuficha mhalifu kwa maneno matamu. Hoja yao ni nzito, maana waliokatwa mikono walikuwa wakisubiri. Wengine walisema kwamba Nigeria ikimtoa haraka, siku nyingine rais anayezingirwa na waasi atakataa kuondoka, naye atapigana hadi nyumba ya mwisho. Hoja hii nayo haiwezi kupuuzwa.

Ombi la Machi 2006

Mwisho wa mwaka 2005 Waliberia walifanya uchaguzi, na tarehe 16 Januari 2006 Ellen Johnson Sirleaf aliapishwa kuwa Rais, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuongoza nchi ya Afrika. Sasa sharti la Nigeria lilikuwa limetimia: Liberia ilikuwa na serikali ambayo wananchi wameichagua.

Kwa Rais Sirleaf jambo hili lilikuwa la hatari. Taylor alikuwa bado na wafuasi, wakiwemo watu waliokuwa wamebeba silaha muda si mrefu uliopita. Kwa upande mwingine, nchi yake ilihitaji msaada mkubwa wa kujijenga upya, na Marekani, pamoja na wafadhili wengine, hawakuficha kwamba walitaka suala la Taylor limalizwe. Mwezi Machi 2006 alipeleka ombi rasmi kwa Nigeria.

Njia ya kumpitisha ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Mwezi Novemba 2005 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1638, lililowapa walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliokuwa Liberia uwezo wa kumkamata Taylor endapo angekanyaga nchi hiyo, na kumpeleka Sierra Leone.

Rais Obasanjo alipopata ombi hilo, aliwasiliana kwanza na viongozi wa Umoja wa Afrika na wa Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi, kwa kuwa hifadhi ile ilitolewa kwa kushauriana nao. Kisha, tarehe 25 Machi 2006, Nigeria ilitangaza kwamba serikali ya Liberia ilikuwa huru kuja kumchukua.

Msomaji aangalie maneno hayo kwa makini. Nigeria haikutangaza kwamba inamkamata Taylor, wala kwamba inampeleka mahakamani. Haikuanzisha utaratibu wa kawaida wa kubadilishana wahalifu, ambao hupitia kwa hakimu. Ilichosema ni kwamba ukarimu wake umefika mwisho, na mwenye mtu anaweza kumchukua mtu wake. Kwa njia hiyo Nigeria ilitaka kulinda mambo mawili kwa pamoja: heshima ya neno ililolitoa mwaka 2003, na haki ya Liberia juu ya raia wake.

Siku nne za mashaka

Maneno hayo ya kidiplomasia yalikuwa na tundu. Kama Taylor hajakamatwa, nani anamzuia asiondoke? Tarehe 28 Machi Nigeria ilitangaza kwamba ametoweka katika makazi yake ya Calabar. Dunia nzima ilipiga kelele. Walinzi wake walitiwa mbaroni, na tume ikaundwa kuchunguza. Wakati huo Rais Obasanjo alikuwa safarini kwenda Washington kuonana na Rais wa Marekani.

Tarehe 29 Machi asubuhi Taylor alikamatwa Gamboru-Ngala, kituo cha mpakani kaskazini-mashariki mwa Nigeria, akijaribu kuvuka kwenda Kamerun. Siku hiyo hiyo alisafirishwa kwa ndege hadi Liberia. Uwanjani walinda amani wa Umoja wa Mataifa walimkamata kwa mamlaka ya azimio 1638, wakampandisha helikopta na kumfikisha Freetown kabla siku haijaisha. Tangu alipopokewa Nigeria ilikuwa imepita miaka miwili na miezi saba.

Kesi na hukumu

Taylor alikana mashtaka yote. Kwa hofu kwamba kuwepo kwake Freetown kungeweza kuchochea vurugu katika eneo lile, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1688 mwezi Juni 2006, na kesi ikahamishiwa The Hague, Uholanzi, ingawa ilibaki kuwa kesi ya Mahakama Maalumu ya Sierra Leone. Uingereza iliahidi kumpokea gerezani endapo angepatikana na hatia. Miongoni mwa majaji walioisikiliza alikuwemo Julia Sebutinde wa Uganda.

Tarehe 26 Aprili 2012 Taylor alipatikana na hatia katika mashtaka yote 11, yakiwemo mauaji, ubakaji, utumwa na kuwatumia watoto vitani. Mahakama haikusema kwamba yeye ndiye aliyewaamuru waasi kila siku. Ilisema kwamba aliwasaidia kwa silaha na mengineyo huku akijua wanachokifanya, na kwamba alishiriki kupanga baadhi ya mashambulizi. Tarehe 30 Mei 2012, akiwa na umri wa miaka 64, alihukumiwa kifungo cha miaka 50. Rufaa yake ilikataliwa mwezi Septemba 2013, akapelekwa Uingereza kutumikia kifungo. Tangu kesi za Nuremberg baada ya Vita Kuu ya Pili, hakuna mkuu wa nchi mwingine aliyekuwa ametiwa hatiani na mahakama ya kimataifa.

Wafadhili wetu watapenda kufahamu kwamba mahakama hiyo iliendeshwa zaidi kwa michango ya hiari ya nchi mbalimbali, na mara nyingi fedha zilipungua. Kazi ya haki ni ya gharama na ya muda mrefu, na matunda yake hayaonekani katika taarifa ya robo mwaka.

Deni ambalo halijalipwa

Tusifunge habari hii kana kwamba kila kitu kilikwisha. Taylor alihukumiwa kwa yale yaliyotendeka Sierra Leone tu. Kwa yale yaliyotendeka Liberia, yeye na viongozi wa makundi mengine hawakushtakiwa na mahakama hiyo, kwa sababu haikuwa na mamlaka hayo. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Liberia ilitoa ripoti yake mwaka 2009 na kupendekeza mahakama iundwe. Miaka 15 ilipita kabla Rais Joseph Boakai hajatia sahihi, mwezi Mei 2024, amri ya kuanzisha ofisi ya kuandaa mahakama ya uhalifu wa kivita. Ndugu wa wale waliouawa ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro walikuwa wamesubiri tangu mwaka 1990.

Aidha, si kila mgeni wa aina hii hudaiwa, wala si kila mwenyeji hukubali. Idi Amin, ambaye watu wa Kagera wanamkumbuka vizuri, alikufa Saudi Arabia tarehe 16 Agosti 2003, siku tano tu baada ya Taylor kuondoka Monrovia, bila kusimama mbele ya hakimu yeyote. Mengistu Haile Mariam wa Ethiopia alikimbilia Zimbabwe mwaka 1991. Ethiopia ilimtaka, Zimbabwe ikakataa kumtoa, na mwaka 2006 alitiwa hatiani akiwa hayupo mahakamani.

Miji ya makimbilio

Maandiko yanalijua swali hili. Katika Hesabu sura ya 35, Kumbukumbu la Torati sura ya 19 na Yoshua sura ya 20 tunasoma juu ya miji sita ya makimbilio. Aliyeua mtu aliruhusiwa kukimbilia humo ili mlipiza kisasi asimwue njiani. Lakini mji haukumfutia kosa. Ulimlinda mpaka asimame mbele ya kusanyiko ahukumiwe. Aliyeua bila kukusudia alibaki salama. Na aliyeua kwa kukusudia, wazee wa mji wake mwenyewe ndio waliotuma watu kwenda kumchukua.

Wazee wa mji wake mwenyewe. Kwa maoni yangu hapa ndipo jibu la Nigeria lilipokuwa na uzito. Mlinzi wa mlango hakumtoa mgeni kwa kila aliyepiga hodi, lakini pia hakudai kwamba mlango ule ni wa milele. Alisubiri wazee wa Liberia, nao walipotuma, akafungua. Alipokosea ni katika kufungua bila kuweka mtu wa kumshika mkono hadi kwa waliomwomba. Jambo hilo lingeweza kuharibu yote kwa usiku mmoja.

Kanda yetu imewahi kuonja ugumu huu. Mwezi Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja. Wengi walikuwa watu waliohitaji kuokolewa, lakini miongoni mwao walikuwemo pia waliokuwa wameongoza mauaji. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unasema wazi kwamba hadhi ya ukimbizi haimhusu mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kuwa ametenda uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Kumpa mtu chakula, hema na dawa ni wajibu wetu. Kumfutia mashtaka si kazi yetu.

Kamati zetu hazishughulikii marais. Lakini mchungaji au mzee wa kanisa anaweza kumhifadhi kijana anayekimbia hasira ya watu, na hufanya vema. Anapofanya hivyo inafaa amwambie kijana na wale wanaomtafuta, siku ile ile ya kwanza na mbele ya mashahidi, kwamba hapa atakuwa salama asipigwe wala kuchomwa, na kwamba polisi au baraza litakapomhitaji atakwenda, akisindikizwa.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, katika usharika wetu yupo mtu aliyewahi kupewa hifadhi ili ugomvi utulie? Masharti yake yalielezwa wazi tangu mwanzo, au kila upande ulielewa vyake?

2. Walioumizwa wanapotakiwa kusubiri kwa ajili ya amani ya wote, ni nani anayewatembelea na kuwapa taarifa katika muda huo?

3. Tunapopanga bajeti ya usuluhishi, je, tunatenga fungu kwa ajili ya yanayofuata baada ya wahusika kupeana mikono?